Kitambaa juu ya Tangi la Samaki

Mama,

Chifu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza habari za samaki wako kabla ya kuuliza kama nimekula. Yuko hai, lakini si kwa uangalifu wangu, na ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Naona haya.

Wakati wa matanga yako nyumba hii ya Lanet ilijaa mpaka uani. Kila aliyekaa karibu na tangi aliona ni wema kuwatupia samaki kitu: makombo ya mkate, mandazi, hata wali. "Hawa pia wamefiwa," walisema. Nani angemkemea mgeni wa msiba? Samaki walikula walichoweza, na kilichobaki kikawa karamu ya konokono. Wale wadogo uliokuwa ukiwaita wapangaji wasio na kelele walizaana mpaka kioo kikawa cheusi. Nikiwafuta asubuhi, jioni wamerudi.

Badala ya kuita mtu anisaidie, nilichukua kile kitambaa chako kikubwa cheupe cha kufuma, nikafunika tangi lote. Wenzako wa kanisa walipokuja kunijulia hali, niliwaambia samaki wanapumzika. Samaki wanapumzika, Mama! Waliitikia kwa heshima, nami nikawasindikiza chai ikiwa bado moto.

Halafu nikaenda kwenye duka la samaki wa mapambo mjini, nikaulizia lochi, samaki wa chini anayekula konokono. Muuzaji alinionyesha wenye milia ya rangi ya chungwa, wanaopendeza kama zile sweta za shule ulizokuwa ukifuma. Nilikaribia kuwachukua. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Ukinunua samaki mtoto, uliza kwanza mama yake ni mkubwa kiasi gani." Nikauliza. Kumbe wangekua mpaka tangi letu liwabane. Wale wembamba kama nyoka nao hawana habari sana na konokono. Nikachagua wenye madoa, wa ukubwa wa kadiri. Muuzaji akanishauri nichukue kadhaa, kwa sababu lochi akiwa peke yake hatulii. Nikamjibu kwa ukali kwamba nyumba yenyewe ina mtu mmoja, samaki mmoja atatosha. Akamfunga mmoja kwenye mfuko.

Huyo mmoja alijibanza nyuma ya mashine ya hewa, hali, hatoki. Konokono wakawa wanampita kwa dharau. Nikarudisha kitambaa.

Alhamisi alikuja Mama Wairimu, rafiki yako wa kwaya. Nilikuwa jikoni nikimtengenezea chai, na niliporudi nilimkuta amekishika kitambaa mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chifu alikuwa amekuja mbele ya kioo, amepauka, pezi limechakaa, anafungua na kufunga mdomo kama alivyokuwa akifanya ukitoka kanisani. Nilikuwa nimemweka gizani samaki wako, Mama, ili watu wasinione mimi.

Mama Wairimu hakunigombeza. "Kumbe waliokalia matanga mpaka mwisho ni hawa konokono," akasema. "Sisi wengine ulitufukuza." Akacheka, kisha akalia, nami nikalia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. Akaniambia mandazi alitupa yeye. Akaomba jani la kabichi, akalichovya kwenye maji moto, akalitumbukiza tangini. Jioni tulilitoa limejaa konokono. Na mimi miaka yote nilikucheka, nikidhani unawapikia samaki mboga.

Kesho yake nilirudi dukani, nikamwomba muuzaji msamaha, nikachukua lochi wengine wa madoa. Hawakukaa sana kabla yule wa kwanza hajatoka mafichoni. Sasa wanazunguka pamoja mchangani, na maganda matupu yameanza kuonekana. Konokono hawajaisha. Muuzaji anasema lochi peke yao hawatawamaliza nisipopunguza chakula, kwa hiyo nimepunguza.

Aibu haijanitoka. Konokono ningeweza kuwasamehe. Kinachoniuma ni wale watu waliokuja kulia na mimi, nikawafungulia geti waende zao.

Pumzika, Mama. Kitambaa nimekifua, nimekirudisha kwenye kiti chako, na nakuahidi hakitafunika tena kitu chenye uhai. Jumapili wenzako wanakuja baada ya ibada. Nimewaambia wakae mpaka wachoke wenyewe, ila samaki nitawalisha mimi.

Mwanao,
Karanja