Juu Ulichokiona, Chini Ulichosikia

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Huna haya. Daftari ulilopewa hapo shikola, shule ya wapiganaji ng'ambo ya Ruvuma, unalichana kurasa wenzako wasokotee tumbaku, halafu unaniandikia kwamba umeacha kuandika kwa sababu vita haviishi kwa kalamu. Nani kakwambia? Na huyo naye kaambiwa na nani?

Umesahau ulivyonifundisha? Mimi chuoni niliishia juzuu ya kwanza, nikatolewa nikachote maji. Herufi hizi nimezijua kwako, mvi zimeshanijaa. Ulikuwa ukinifuata hadi jangwani, uwanda wa pwani tunakokwangua chumvi maji yakitoka, unachora kwa kijiti kwenye matope. Siku niliyolimaliza jina langu maji yakajaa yakalifuta, nikakugombeza wewe kama vile ndiye uliyeyaleta. Ulipokuwa unaondoka ukanipa daftari lako na sharti moja: "Bibi, ulichokiona andika juu. Ulichosikia andika chini, na jina la aliyekwambia." Nikasema utoto huo. Lakini kila siku baada ya alasiri nikawa naandika mistari miwili mitatu, maana sipendi kushindwa na mtoto.

Na kile kitabu cha kilimo ulichoniachia, kisicho na jalada, nimebishana nacho sana. Kinasema muhogo upandwe kwa kulazwa. Zamani ningekitukana, basi. Safari hii nimepanda tuta moja kwa maneno yake, tuta moja kwa yangu, nangoja kuvuna. Mtu akisema, maneno yanapita. Kitabu kinakaa pale pale, unakirudia, unakiuliza tena.

Sasa sikiliza kwa nini nimekasirika. Unajua tunavyochemsha chumvi ya wapiganaji: moto unawashwa alfajiri, na jua likichomoza tunazima, ndege za Wareno zisione moshi. Mwezi uliopita ndege ilikuja ikapiga vibanda vyetu. Tulikimbilia mikokoni, hakufa mtu, lakini vyungu vyote vilivunjika. Siku ile ile kila mdomo ukasema ni Bi Somoe, jirani yangu, kwa kuwa alikuwa ametoka kumwona binti yake kwenye kijiji kilichozungushiwa waya na askari wa Wareno. Ikaamuliwa kesho yake apelekwe bara kwa wapiganaji akajibu. Na anayepelekwa kwa jina la msaliti, mara nyingi harudi.

Karatasi ya kumpeleka nilitakiwa niiandike mimi, mwenye kalamu. Nikafungua daftari kwa fahari zangu. Juu, nilichokiona: sikuwa na la kuweka. Chini, nilichosikia: kaniambia Biti Salumu. Nikamfuata Biti Salumu, naye kaambiwa na mkwewe. Nikamfuata mkwewe. Akanitazama kama niliyepungukiwa akili, akasema, "Si wewe mwenyewe ulisema, kisimani?"

Kweli nilisema. Tulikuwa tumenuniana na Somoe, alinivunjia kata yangu ya kuchotea. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja, siku ya kabla ya mabomu. Juu, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: Jua limepanda. Chumvi inaanza kushika, sikuzima. Kuni mbichi, moshi mwingi.

Aliyewahi kuchemsha anajua uchungu wa kuiacha chumvi inapoanza kushika. Lakini ndege haijali uchungu wa mtu.

Nikakaa na daftari mapajani. Ningeuchana ukurasa ule, nani angejua? Aliyejua kusoma pale ni mimi peke yangu. Ukanijia wewe na kijiti chako. Nikaenda nikausoma mbele ya watu wote, mstari kwa mstari. Somoe akasema, "Kumbe mpelelezi wa Wareno ni chungu chako."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Hakupelekwa popote. Asubuhi alikuja kwangu na kijiti mkononi, akataka nimfundishe, asije akategemea tena daftari la mtu mwingine kuokoa shingo yake.

Sasa tuko wanawake saba, tunaandika kwenye matope maji yakitoka. Somoe ana mkono mzuri kuliko wangu, na anaringa. Likija neno lolote, mmoja wetu huuliza: la juu au la chini? Ungeona ugomvi unavyofia hapo hapo. Hata mimi mdomo wangu umepungua kasi, amini usiamini. Nchi hii tukiipata, nataka ijae watu wa kuuliza hivyo, na wewe nakuona mbele yao umeshika chaki.

Aliyekuletea barua hii ni Bi Somoe mwenyewe. Katembea siku nyingi na chumvi kichwani, na nimemwambia asibanduke mlangoni kwako. Mpe maji. Kisha keti mbele yake, fungua kurasa ulizobakiza, uandike ulichokiona leo, juu. Umkabidhi aniletee.

Bibi yako,
mwenye chungu