Foto ya Baba Mukubwa na Bougie

Mama mukubwa Félicité,

Jambo kwako na kwa wote wa Bwegera. Huku Lemera baridi iko mingi.

Minye ndiye nilituma ile foto ya baba mukubwa na bougie, ule mushumaa ya matanga, mu grupe ya familia. Alikuwa tu na usingizi ya dawa ya kupasuliwa. Sikuuliza hata infirmière mwenye alikuwa anamuuguza, nilitaka niwe wa kwanza kutangaza kifo.

Niliandika tena kama iko muzima. Pontien akajibu mule mu grupe, “Basi tutazika weye.” Telefone yangu hamuiamini tena, ndio naandika karatasi.

Nasikia ulishanyoa nywele juu ya kilio. Baba mukubwa anarudi siku ya posho, hii Jumamosi, hajajua kitu. Leo amenituma nikununulie kichanuo. Iko mu mufuko yangu.

Mutoto wako,
Espoir