Majibu ya Chaki Kuukuu

Jumatatu, 3 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na wauguzi bado wanakugombeza? Huku sote wazima, ila mimi nimenasa.

Kazi zote za kalkulasi napata ishirini kwa ishirini, na hakuna hata moja niliyoifanya. Napiga picha ya swali, naliweka kwenye ukumbi wa hesabu mtandaoni, na mtu anayejiita Chaki Kuukuu ananijibu chai haijapoa. Sasa mwalimu ananisimamisha mbele ya darasa kama mfano, na mama ameshawatangazia majirani kwamba ana injinia ndani. Tarehe ishirini ni mtihani. Simu zinaachwa mlangoni.

Uliwahi kuniambia sina kichwa cha hesabu. Haya, cheka. Ila mama asijue.

Mjukuu wako

Ijumaa, 7 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo umenishinda. Daktari ameacha kunitajia miezi, sasa anataja siku. Basi nisikuzungushe: Chaki Kuukuu ni mimi.

Picha yako ya kwanza ilionyesha pembe ya daftari lililojalidiwa kwa karatasi ya kalenda. Nililijalidi mwenyewe, kabla sijakutamkia lile neno nawe ukaacha kuniletea maswali. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Najua jibu tupu halimfundishi mtu. Nilikupa majibu matupu makusudi. Niliogopa ukielewa hutauliza tena, na humu nina dari, dirisha lisilofunguka na hiyo simu. Swali lako likija, naomba niketishwe.

Kichwa unacho. Nilisema vile kwa hasira za uzee tu. Nisamehe ukiweza.

Ile akaunti nimeifunga.

Babu yako

Jumamosi, 15 Juni

Babu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, bado nimekasirika. Nilisoma barua yako nikasema, mzee huyu kaniuza. Siku tatu sikugusa daftari. Kisha nikaona sina pa kukimbilia, nikakaa nalo.

Nakutumia swali la kwanza nililofanya kwa mkono wangu, mistari saba. Halilingani na jibu la kitabuni. Usinipe jibu! Ukinipa nachana. Niambie tu nimepotea mstari gani.

Mjukuu wako

(Unakula lakini?)

Jumatatu, 17 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nakula kidogo. Anayeandika ni muuguzi, mkono wangu umegoma.

Mstari wa tatu.

Muuguzi ananisumbua nimwambie kosa lenyewe. Hata yeye simwambii.

Babu yako

Jumatano, 19 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Nimeliona: alama ya kutoa, niliidondosha njiani. Nilipiga ukelele mama akadhani nimeona nyoka. Ikabidi nimweleze yote. Tangu jana hanisemeshi.

Kesho naingia. Maswali ya aina nne nayaweza, ya tano nabahatisha, ya sita yamenifungia mlango kabisa. Nimenakili moja hapa chini, ulione tu. Ijumaa nitakuletea mwenyewe, likiwa limekwisha.

Usijibu. Nisubiri tu.

Mjukuu wako