Baba na Tausi wa Rafu ya Juu

Mwaka umetimia, Baba, tangu uliache kochi lako kando ya rafu za shaba, na kile kitambaa cha fulana kuukuu ulichofutia shaba hakijapata bega jingine.

Uliokota shaba za zamani kama wengine wanavyookota yatima: birika lisilo na mfuniko, kengele isiyo na ulimi, vinara vilivyopinda shingo. Uliviosha kwa limau na majivu, taratibu, ukituonya tusivikwaruze. "Mzee haogeshwi kwa msasa," ulisema.

Na sumaku haikutoka mfukoni mwako, kwa kuwa shaba halisi hainaswi na sumaku. Sheria yako ilikuwa moja: "Kinachonasa hakilali kwenye rafu yangu."

Jumapili iliyopita tulikaa kugawana vitu vyako, kila mtu apate cha kukukumbuka. Cheche, mwanao mkubwa, fundi wa kuchomelea, akaitoa sumaku ile ile.

"Tupime kwanza. Mwishoni mzee alikuwa haoni vizuri, huenda alipigwa changa la macho."

Kitinda mimba wako akamtupia jicho tausi wa rafu ya juu. Kwa alivyojua, siri ya tausi ilikuwa yenu wawili tu. Yule tausi Mama alikununulia kwa mshahara wake wa kwanza ni chuma kilichopakwa shaba. Kila Mama alipotoka, binti alifunga mlango, akakushikia tausi ukampaka mafuta ya cherehani nyayoni, asipate kutu.

"Mama yako asijue," ulimnong'oneza. "Alitoa jasho lake."

Na Mama alipouliza mbona tausi wake hasuguliwi kama wenzake, ulijibu, "Malkia hasuguliwi."

Birika likapita. Kengele ikapita. Vinara vikapita.

"Huyo mwache," kitinda mimba alisema.

"Kwani ana nini?"

"Nimesema mwache, Kaka!"

Cheche akacheka, akanyoosha mkono. Tak! Sumaku ikanasa kifuani mwa tausi.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mama.

Yeye akaendelea kukunja kitambaa chako. "Nyumba hii haijawahi kuwa na cherehani," alisema, "na mafuta ya cherehani yalikuwa yakiisha kila mwezi. Mlidhani nafikiri mnayanywa?"

"Ulijua, Mama?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Mbona hukumwambia?"

"Alivyokuwa akimhangaikia vile, nimwambie ili iweje?" Akakiweka kitambaa magotini. "Cheche, usiitoe hiyo sumaku. Iache hapo hapo."

Ipo, Baba. Kila mtu alichukua chake; tausi amebaki na Mama. Kitinda mimba wako, ambaye hukuwahi kumwona na joho lake la chuo, ndiye anayempaka mafuta sasa. Mama anamshika. Mlango hatufungi tena.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao Cheche na mkewe, kitinda mimba wako, wajukuu zako wawili, na dada yako aliyekuletea kengele ya kwanza.

Daima, Baba, hutabanduka mioyoni mwetu.