Blanketi Ndani ya Blanketi

S.L.P. 41,
Pine Hollow, Alabama.
9 Novemba 1986.

Mpendwa Shangazi Ozella,

Shikamoo. Hujambo wewe, na magoti yako yanasemaje na baridi ya Detroit? Huku tu wazima, ila mguu wa mume wangu Clovis bado unamsumbua, na ukimuuliza anasema umepona. Miti ya pekani imezaa njugu mwaka huu mpaka matawi yanavunjika. Nimekutengea mfuko.

Barua ya binti yako Lorene imefika. Anasema baada ya Krismasi unahamia kwake, na nyumba yako itauzwa na vyote vilivyomo. Mara moja nikayakumbuka mablanketi matatu ya viraka ya Bibi Pearlie, mama yako, yaliyo kwenye kasha lako. Hapo moyo ukanipasuka.

Unaujua ugonjwa wangu wa kukusanya mablanketi ya viraka ya zamani. Sasa yamefika thelathini na sita, yote yatima, hayajulikani yalishonwa na nani. Clovis anasema bado kidogo tutalala nje ili yenyewe yalale ndani. Jumamosi nilipata jingine, vitu vya marehemu mmoja vilipokuwa vikiuzwa uani kwake. Nikamuuliza binti yake nani alilishona.

“Sijui, mama. La watu wa zamani huko. Mbwa ndiye aliyekuwa akililalia.”

Lilikuwa zito ajabu. Nyumbani nikaona mshono umeachia pembeni, na ndani, badala ya pamba, mna blanketi jingine la viraka. Unakumbuka wazee walivyokuwa wakifanya: la zamani likichoka, linavishwa jipya. Nikachukua mkasi nifumue. Earline wa kanisani alikuwepo, akanipiga mkono.

“Wee Maxine, thubutu! Ukifumua utamwona mshonaji wa ndani, na huyu wa juu je? Kazi yake ndiyo basi tena!”

“Nataka kumwona tu.”

“Basi si ulitundike dirishani, bibi wee! Jua lina kazi gani?”

Tukalitundika kwenye dirisha la mashariki. Shangazi, sijui nikuambieje. Jua lilipopenya, nyuma ya miraba ya juu zikajitokeza nyota za lile la ndani, na nyuma ya nyota, milia ya la tatu. La tatu! Wanawake watatu, labda mama, binti na mjukuu, kila mmoja amemfunika mwenzake asipate baridi. Kiraka kimoja kilikuwa cha goti la suruali ya shamba, na alama ya goti ingalipo. Mimi nililia. Nilitaka kuwaita, na sikuwa na jina hata moja.

Wala sijifanyi mwema. Bibi Pearlie aliniachia blanketi lake la nne, na mwaka ule nilioolewa nililifunikia viazi vitamu visiharibiwe na baridi. Likaoza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikadhani ni tambara. Sikumbuki hata rangi zake.

Sikuombi mablanketi, hayo ni ya watoto wako. Naomba majina. Humu bahashani mna vitambaa vyeupe na sindano, nimezitia uzi kabisa kwa ajili ya macho yako. Andika kwa penseli nani alishona, na nguo zilizokatwa viraka zilikuwa za nani, kisha uvishone nyuma ya kila blanketi. Mikono ikichoka, Lorene amalizie. Umebaki wewe tu unayejua. Usipofanya hivyo, siku moja mwanamke kama mimi atalinunua la mama yako uani kwa watu, atalitundika dirishani, atalia, na hatajua amwite nani.

Nisalimie Lorene, mumewe Rufus na wale pacha. Mungu akufunike vizuri msimu huu wote wa baridi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoandika,
Maxine

N.B. Utakuta vitambaa vinne, sikukosea kuhesabu. Cha nne ni cha lile blanketi ulilonishonea nilipoolewa. Kishonee jina lako kwa mkono wako mwenyewe, unirudishie.