Shukrani ya Jumapili

Kirua Vunjo

Mwanangu Jesse,

Marahaba, salamu zako zimefika. Ng'ombe amezaa ndama jike, na kahawa imechanua vizuri.

Umeniomba nisimame nawe kanisani Jumapili, utoe shukrani kwa kupata kazi kiwandani. Juzi nilikutana na Crispin, anayeajiri pale. Akaniuliza, "Mwalimu, binti yako Elisifa mbona hakuja kwenye usaili? Tulimtaka yeye kwanza."

Nilikuwa jikoni namenya ndizi siku ile ulipompigia Elisifa simu, nikasikia sauti yako ikisema: "Dada, usaili umefutwa, usipoteze nauli."

Naelewa, mwanangu. Ajira zikiwa chache, kijana anayetafuta huanza kumwona kila mwenzake kuwa mpinzani, hata dada aliyekula naye sufuria moja. Lakini kuelewa hakunipunguzii maumivu. Elisifa ameacha kuomba kazi. Anasema hana bahati. Wewe bado anakusifu, na ameshafua gauni la kusimama nawe mbele ya usharika.

Sijamwambia. Njoo Jumamosi umwambie mwenyewe. Ukishindwa, Jumapili mtasimama ninyi wawili, nami nitabaki nimeketi.

Shangazi yako,
Yuditha