Siku Niliyosema Mimi Si Mke wa Mtu

Murhula, Baba Neema, mwenye nywele nyingi za zamani,

Nimeambiwa unasubiri. Neema alinipigia Jumapili, hata kunisalimia vizuri hakunisalimia. "Mama, papa anangojea jibu," akasema. "Umuambie ndiyo ao hapana, asikuwe anaikala tu na ile telefone mu mukono." Nikamwambia jibu la jambo hili haliendi kwa simu. Wewe na mimi tulianza kwa vikaratasi vya daftari vilivyopita chini ya uzio wa shule ya masista, na jibu langu utalipata kwa karatasi. Kwa hiyo vumilia. Unajua siku zote mimi ndiye niliyekuwa naongea.

Swali lako lilikuwa fupi: ukija Mbarara, je, tutakwenda ofisini tuandikishe ndoa, ili na mimi niweze kukufuata Kanada? Mwanamke mwingine wa kambi yetu ya wakimbizi hapa Misiera angeruka kwa furaha. Mimi nilikasirika miezi mitatu. Nilishona kwa hasira, nikavunja sindano, nikamshonea mteja mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Acha nikueleze hasira hiyo ilitoka wapi, maana imetoka mbali.

Imetoka Bukavu, mwaka ule lori la wazungu wenye nywele ndefu lilipoharibika karibu na ziwa. Unakumbuka maua waliyolichorea ubavuni? Walikaa kama majuma mawili wakingoja kipuri, wakipika dengu na kuimba. Wewe ulikuwa umeacha chuo cha ualimu. Ulikwenda kuwatazama asubuhi moja, ukarudi na gitaa lenye nyuzi nne. Wao walitengeneza gari wakaondoka. Sisi vijana watano tukabaki na jina lao, mji mzima ukituita mahipi. Mama yangu alidhani ni ugonjwa.

Suruali yako ilikuwa pana chini hadi ilifagia njia. Kisha yule polisi wa sokoni akakukamata na kukupasulia miguu yote miwili, kutoka pindo hadi goti, kwa mkasi wa fundi, watu wakicheka. Ulikuja kwangu na miguu wazi mpaka kwenye goti, umenuna kama mtoto. Nilichukua kitenge cha mama, cha njano chenye ndege wa buluu, nikakata pembetatu mbili, nikazishona ubavuni, moja kila mguu. Suruali ikawa pana kuliko mwanzo. Ulipita mbele ya yule polisi mara tatu siku hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya ushonaji niliyoifanya kwa moyo, na mpaka leo ndiyo kazi inayonilisha.

Na kiapo? Tulikula kiapo mchana kweupe, tumekaa kwenye mawe ya ufukweni, sahani ya ugali na ndagala katikati. Hakuna mahari, hakuna padri, hakuna karatasi ya serikali. Mtu akae na mtu kwa sababu anataka, na asubuhi akiamka atake tena. Bahati, mpiga ngoma wetu, ndiye aliyeapa kwanza na kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba yangu alipopata habari alisema binti yake amejitoa bure. Nililia siku mbili. Halafu nikakuandikia kikaratasi na chini yake nikatia sahihi, "Wako wa bure". Nawe ukanijibu kwa maneno hayo hayo. Tuliandikiana hivyo miaka yote, tukaona tumewashinda wazee.

Sitasema tulikuwa wajinga. Tuliwaona dada zetu wakipelekwa kwa wanaume wasiowataka kwa sababu ng'ombe walishafika. Tulikuwa na haki ya kukataa. Hata uliporudi chuoni ukapata kazi ya ualimu, na mkuu wa shule akasema nywele zikatwe, ni wewe uliyekatwa, si kiapo. Nilikukata mwenyewe, umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Machozi yakakutoka, ukasema ni sabuni. Hapakuwa na sabuni, Murhula. Nilikuwa nakata kavu.

Neema alizaliwa, akakua, akacheza na lile gitaa hadi likabaki ubao. Tulizeeka kidogo. Kisha ikaja vita ya 1996. Tulitoka nyumbani na tulichoweza kushika, na cha ajabu tulishika ile suruali. Ulifunga miguu yake kwa kamba, ukajaza unga mguu mmoja na maharage mguu wa pili, ukaivaa shingoni. Njia nzima watu walitembea wakitucheka, na jioni walikuja kuomba unga. Nilikutazama mgongoni ukiwa umebeba ujana wetu wenye maharage ndani, nikajiambia mtu huyu nitakwenda naye popote.

Ndiyo maana sijaelewa mpaka leo nilichokifanya pale Base Camp, siku tulipoandikishwa ukimbizi.

Tulikuwa tumepanga mstari tangu asubuhi. Karani alikuwa Mganda, kijana mpole, amechoka. Aliuliza jina lako, umri wako, mtoto. Neema akaandikwa kwako kwa sababu anabeba jina lako. Kisha akaniangalia mimi. "Na huyu mama, ni bibi yako?" Alikuuliza wewe, lakini nilijibu mimi. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno, nimepoteza nyumba, nimepoteza cherehani, sina hata kiatu cha kufanana na mwenzake, na kitu pekee nilichobaki nacho kilikuwa kile kiburi cha ufukweni. Nikasema, "Mi siko bibi ya mutu. Hatukuoanaka. Tunaikalaka tu pamoja."

Wewe ulitabasamu. Ulinyamaza ukatabasamu, nami nilijua unajivunia. Karani akainua mabega. "Sawa mama. Basi wewe peke yako." Akatoa kadi ya pili. Tulitoka pale tukitembea kama watu walioshinda kitu. Hakuna mtu mwingine katika mstari ule mzima ambaye angekosea hivyo. Wengine walidanganya kwamba wameoana wakati hawajaoana. Sisi tulisema kweli yetu kwa majivuno.

Miaka ikapita na zile kadi hazikutusumbua. Tulijenga nyumba moja, tukalima shamba moja, ukafundisha watoto Kifaransa barazani. Hadi kadi yako ilipoitwa, wewe na Neema, kwenda Kanada. Kwenye mahojiano ukasema una mke. Yule mama aliyekuhoji akafungua faili, akasoma kwa sauti, nami nimesimama mlangoni: mwanamke mwenyewe anasema hawajaoana. Yalikuwa maneno yangu. Yalikaa mle ndani miaka yote yakinisubiri. Ulianza kueleza habari ya ufukwe na kiapo, na nikaona usoni mwake kwamba anadhani unaongeza mtu usafirini kama wengi walivyojaribu. Alituonya kwamba faili lenye uongo hufungwa lote.

Ulitaka kubaki. Nilikukataza. Neema alikuwa na miaka kumi na tisa na hamu ya kuwa muuguzi, na faili lake lilikuwa lako. Siku ya basi ulinipa ile suruali, imekunjwa vizuri, ukasema, "Hii ndiyo cheti yetu. Uichunge." Nimeichunga. Lakini nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuandikia: basi lilipokata kona, nilikaa chini barabarani mbele za watu. Majirani walifika wakidhani nimeanguka. Nilikuwa nimekaa tu. Niliiweka suruali mapajani.

Sasa ni zaidi ya miaka kumi. Unafagia madarasa huko badala ya kufundisha ndani yake, nami nashona. Bahati, mpiga ngoma wetu, ni pasta hapa hapa Misiera, ana koti na kitambi, na ananinyima meza ya Bwana kwa sababu niliishi na mwanamume bila ndoa. Nilimkumbusha nani aliapa kwanza. Alicheka, halafu akaona haya. "Tulikuwaka batoto, Mama Neema. Sasa tuko bazee. Miye niko natafuta fasi ya kukurudisha, na weye unanipiga na mambo ya zamani." Nilimwambia namshonea koti lingine mwezi ujao, pindo nitaliacha pana. Alifunga vifungo vya koti akaenda zake.

Kwa hiyo uliponiandikia kuhusu ofisi ya ndoa, nilikusikia wewe pia ukisema tulikuwa watoto. Hiyo ndiyo hasira. Niliona Pasta ameshinda, baba yangu kaburini ameshinda, hata polisi wa mkasi. Na nikaona aibu nyingine mbaya zaidi: kwamba watu watasema yule bibi aliyekataa ndoa ujanani amekubali kuolewa na ndege ya Kanada.

Aliyenigeuza ni mtu usiyemjua. Nikienda Mbarara kununua vitambaa, hupeleka nguo kwa wake za askari kwenye kambi ya jeshi, na rafiki yangu wa kule ni Mama Kato. Mwezi uliopita nilimkuta nje ya nyumba yake, magodoro kwenye nyasi, masufuria yamepangwa. Bwana wake alikuwa amefariki mwaka jana. Katika karatasi zake alikuwa ameandika mke wa zamani, wa kijijini, na hakuwahi kubadilisha. Nyumba ilikuwa inapewa familia nyingine, na wa kudai chochote alikuwa yule wa kijijini.

Nilimsaidia kufunga vyombo. Hakulia. "Miaka kumi na mbili mimi napikia ule mzee," akaniambia. "Uniform yake, mimi napiga pasi. Anaugua, mimi naosha yeye. Lakini kwa karatasi, mimi hapana iko."

Nami, kwa ujinga wa kutaka kumfariji, nikamwambia mapenzi hayaandikwi. Nikamsimulia habari yetu yote, kiapo, kadi mbili, na swali lako ambalo sijalijibu. Aliacha kufunga kamba akanitazama.

"Banange, Mama Neema. Wangu alikataa kuniandika, na sasa amekufa. Wako iko hai, nataka kuandika wewe, na wewe nakasirika?"

Nilimalizia kumfungia kamba. Nilirudi nyumbani na vitambaa vyangu, nikaitoa suruali kwenye sanduku.

Murhula, imeliwa. Panya wamekula kiuno na magoti yametoboka. Lakini zile pembetatu mbili ziko. Nilifumua mshono mmoja, na ndani, pale kitambaa kilipokunjwa na jua halikufika, njano ni ile ile ya siku niliyomwibia mama kitenge. Nilikaa nacho mkononi nikafikiri. Sisi tulikataa karatasi kwa sababu ilikuwa inawakabidhi watu kwa wasiowataka. Tulitaka mtu akae na anayemtaka. Hicho ndicho kilikuwa kiapo, mengine yote yalikuwa kelele za ngoma ya Bahati. Na mimi, kwa kulinda kelele, nimekaa mbali na ninayemtaka miaka kumi na zaidi. Nakutaka, Baba Neema. Nimeamka kila asubuhi nikakutaka tena, kama tulivyoapa. Nimechoka kukutaka kwa simu.

Jibu langu ni njoo.

Nimeshakwenda kuuliza ofisini Mbarara. Wanasema majina yetu yabandikwe ukutani wiki tatu kwanza, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nilicheka peke yangu pale mapokezi. Miaka arobaini na kitu, na bado wanauliza kama kuna mwenye pingamizi. Bahati anataka kutubariki baada ya ofisi. Nimemwambia ataruhusiwa kama atapiga ngoma.

Mahari usilete. Hata zawadi ya kufanana na mahari usilete, nitakurudisha uwanja wa ndege. Nitumie kipimo cha kiuno na kifua, cha kweli, si cha kumbukumbu. Neema alinitumia picha na nimeona tumbo lako. Nitakushonea shati, na pembetatu moja itakuwa mfuko wake, upande wa moyo. Ya pili nitaitia kwenye gauni langu. Suruali yenyewe imefika mwisho wake, nimeizika nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Usinicheke.

Nina ombi moja tu. Siku hiyo tukiwa mezani, karani akiinua kichwa na kuuliza kama mama huyu ni mke wako, tafadhali usinijibie. Nyamaza na utabasamu, vile vile kama siku ile Base Camp. Mimi ndiye niliyejibu vibaya, mimi ndiye nitakayejibu tena.

Nimeanza kujizoeza. Nimelisema neno hilo peke yangu kwenye cherehani, likanikwama. Nimelisema mbele ya Mama Kato, ambaye sasa anakaa nami na kunisaidia kushona vifungo, akaniambia bado nasema kama mtu anayekiri kosa. Kwa hiyo nalijaribu hapa chini, kwa maandishi, mara ya kwanza maishani mwangu. Litazame vizuri uniambie kama linanikaa.

Mke wako,
na bado wa bure,
Mama Neema